Nimeuziwa NVMe kwa ThinkPad X230, halafu naambiwa laptopu ndiyo mbovu

Nyota moja, na hiyo moja ni ya diski, si ya duka.

X230 ni mashine ya 2012 na haina fumbo lolote. Inakula diski ya SATA (njia ya zamani ya kuunganisha diski) ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7, ya 9.5 haipiti mlangoni. Duka hilo la Kariakoo likasema za inchi 2.5 zimeisha, chukua M.2 (SSD nyembamba kama kijiti, bila kasha) na adapta yake, "kitu kilekile bosi, inaingia". Kuingia iliingia. Kuonekana ndiko hakukuwepo: BIOS, ile programu ya mwanzo laptopu inapowaka, haioni diski yoyote.

Kabla ya kulipa nilikuwa bosi, nikirudisha mzigo nikawa "we mzee". Kijana wa kaunta hata hakuishika. Macho kwenye simu, kidole kwenye risiti palipoandikwa "mali ikishauzwa hairudishwi", kisha: "We mzee, laptopu yako imechoka, haisomi SSD za kisasa."

Haijachoka! Adapta ile ni kibao cha nyaya tu. Inachukua pini za SATA kwenye soketi ya M.2 na kuzipeleka kwenye plagi ya inchi 2.5, basi, haina chipu ya kutafsiri chochote. M.2 ni umbo tu, zipo za SATA na zipo za NVMe, na niliyopewa mimi ni NVMe. NVMe inapita kwenye PCIe, njia nyingine kabisa ya data, na plagi ya SATA haina PCIe. Hata ukiipeleka kwenye kompyuta iliyotoka kiwandani jana, kwa adapta hiyo haitaonekana.

Utetezi wao ni kwamba diski ina mikato miwili (mapengo kwenye ukingo wenye pini), na mikato miwili ni SATA. Kanuni ya vijiweni hiyo. Mara nyingi ni kweli, lakini zipo NVMe za leni mbili (njia mbili za PCIe) zenye mikato miwili, Intel Optane Memory ikiwemo, na zinaingia kwenye soketi ya SATA bila ubishi wowote. Mikato haitoshi, soma lebo. Ukiona PCIe, NVMe au Gen3, iache hapohapo. Unatafuta neno SATA. Lebo imebanduka? Waichomeke kwenye kompyuta yao, wafungue CrystalDiskInfo, programu ya kukagua diski, uangalie mstari wa Interface: Serial ATA ndiyo yako, NVM Express siyo. Ni kazi ya dakika mbili, na hawakuifanya kwa sababu hawajui wanachouza. Au wanajua, ambayo ni mbaya zaidi.

Niseme haki, diski yenyewe ni nzima. Ndani ya kasha la USB lenye chipu ya NVMe inanakili bila kukwama, na hapo nilikaribia kuwapa nyota tatu. Kisha nikaikumbuka "we mzee". Inabaki moja.

X230 sasa ina SATA ya kawaida kutoka duka jingine. Fungua skrubu moja ya kifuniko cha pembeni, vuta utepe, hadidiski inatoka. Hamishia ile mipira miwili ya pembeni kwenye SSD mpya, usiitupe, maana bila hiyo diski inacheza na plagi inalegea. Washa, bonyeza F1, ingia Config halafu Serial ATA, uhakikishe iko AHCI (hali ya kawaida ya kuendesha SATA) kabla ya kupandisha Windows. Ukibadilisha baadaye inaweza kugoma kuwaka. Kuna pia nafasi ya mSATA (SSD ndogo ya SATA, umbo la kabla ya M.2) kule inakokaa kadi ya modemu, lakini hiyo ni gigabiti 3 kwa sekunde wakati nafasi kuu ni 6. Kwa Windows inatosha, kwa kunakili video utaudhika.

Adapta bado ninayo, na ukiipa M.2 ya SATA ya kweli inafanya kazi vizuri tu. Ila ile skrubu ndogo ya kubana diski isinyanyuke haikuwemo kwenye pakiti. Nilipoiuliza nikaambiwa niweke solotepu.