Vioo vya kuongezea vya kuvutia karavani: nilivyochagua vyangu

Karavani yetu, yaani nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, ina upana wa mita 2.3 hivi. Skoda Octavia inayoivuta, ukiacha saitimira (vioo vya pembeni), ni mita 1.83. Kila upande karavani inazidi gari kwa zaidi ya sentimita 20, na saitimira za kiwandani zinakuonyesha ukuta mweupe tu. Sheria ya hapa Uingereza inataka uone eneo la upana wa mita 4 kutoka ubavuni mwa karavani, mita 20 nyuma ya dereva. Ukikamatwa huna vioo vya kutosha, faini inaweza kufika pauni 1,000, na pointi 3 kwenye leseni juu yake.

Aliyetuuzia karavani alitupatia na jozi yake ya zamani ya vioo vya kuongezea, ya kufunga kwa mikanda ya mpira. Ukisimama kwenye maegesho ni safi kabisa. Lakini anayevuta karavani anaruhusiwa maili 60 tu kwa saa kwenye barabara kuu ya M1, kwa hiyo mabasi na vani zinampita mchana kutwa, na kila likipita basi upepo wake unakiinamisha kioo mpaka unabaki kutazama lami. Mke wangu akawa fundi wa kioo: anashusha dirisha, anasukuma, anapandisha, tunakwenda. Mvua ya jimbo la Derbyshire nayo haikumwonea huruma.

Nilipotafuta vipya niligundua kwamba watu wengi wanaulizia ukubwa wa kioo, wakati kinacholeta taabu ni kushika. Saitimira za magari ya siku hizi zimechongwa mviringo kama yai ili zipasue upepo, na kibanio cha kioo cha kuongezea hakipati pa kung'ata. Kwa hiyo nenda dukani na gari lako mwenyewe, omba ujaribishe palepale. Angalia kibanio kisiguse kioo chenyewe, kisifunike taa ya indiketa, na dirisha lipande bila kukwaruza.

Nilichukua Milenco Aero. Zinabana gamba la saitimira kwa skrubu zenye vifuniko vya mpira, na mpaka sasa hazijahama hata kwenye pepo za milimani. Kabla ya kufunga ninafuta gamba kwa kitambaa chenye maji, maana vumbi likibaki chini ya mpira linakwaruza rangi. Skrubu naikaza kwa vidole tu. Mtikisiko mdogo upo ukipita lami mbovu, ila namba ya gari la nyuma bado inasomeka.

Kuhusu aina ya kioo, wengi hupenda kilichobinuka kwa sababu kinaonyesha eneo pana. Mimi nimechukua bapa pande zote mbili. Kilichobinuka kinafanya gari la nyuma lionekane dogo na mbali kuliko lilivyo, na wewe unayetaka kuingia njia ya kulia na mzigo wa tani moja na nusu mgongoni unahitaji kujua liko umbali gani hasa. Tena sehemu ya saitimira ya gari, ambayo yenyewe imebinuka, bado inaonekana pembeni, kwa hiyo upana huo haukupotea.

Kioo chochote utakachonunua kiwe na alama ya E yenye namba, yaani kimeidhinishwa, na kisitokeze zaidi ya sentimita 25 nje ya ubavu wa karavani. Ukishaifungua karavani kutoka kwenye gari kambini, vitoe kabla ya kwenda dukani kununua maziwa. Na kama saitimira zako hujikunja zenyewe ukifunga milango, zima hiyo kitu kwenye mipangilio ya gari, la sivyo mota itahangaika na uzito usio wake.

Kama gamba la saitimira zako linakataa kabisa vibanio, watazame EMUK wa Ujerumani, wanaotengeneza kwa kufuata modeli ya gari. Zinakaa vizuri mno. Bei yake ni ya juu, na ukibadilisha gari huenda ukalazimika kununua nyingine, ndiyo maana mimi sikuzichukua.