Mwanza hadi Dar kwa treni ya kulala, na mama anayeumwa magoti

Kama una mzee anayeumwa magoti na lazima afike Dar, mpandishe treni. Basi linawahi kufika, hilo halina ubishi, lakini mama akikaa kwenye basi miguu imening'inia kutwa nzima huvimba hadi kwenye vifundo. Safari hii alijinyoosha, akalala.

Tulikata daraja la pili kulala. Chumba kina vitanda sita, vitatu kila upande, na wanawake hupangwa na wanawake, wanaume na wanaume. Mke na mume wanaotaka kuwa pamoja walipie chumba kizima. Kwetu sisi utaratibu huo ulikuwa neema. Chumba chote kina mama watupu, kwa hiyo mama alipandisha kanga akapaka dawa magotini bila kumwonea mtu haya, na kabla ya stesheni ya Fela walishajuana ukoo.

Suala la kitanda ndilo la kuangalia sana. Mchana kile cha kati hukunjwa, wote mnakaa cha chini, kwa hiyo mwenye cha chini ana wageni hadi jioni. Cha juu kabisa hakuna anayekusumbua, ila joto lote la mchana hupanda huko, na ngazi yake si ya mtu mzima. Mzee muombee cha chini palepale dirishani unapokata tiketi. Ukingoja kubembelezana na abiria mkishaingia, wengine nao wana wazee wao.

Usiku unapita Malya, Malampaka, Shinyanga. Reli hii ni ya zamani, kipande cha Tabora hadi Mwanza kilikamilika mwaka 1928, na ni ile nyembamba ya mita moja, kwa hiyo behewa linayumba na mwendo ni wa taratibu. Mimi kuyumba kule kulinilaza vizuri. Mwenye usingizi mwepesi ataamka kila stesheni.

Tabora mnasimama sana, maana hapo ndipo mabehewa ya Kigoma yanapoungwa na ya Mwanza. Kilipopigwa kile kishindo mama alishtuka: "Tumegonga nini?" Mwenzetu wa kitanda cha pili akamtuliza, "Lala mayu (mama), ni watu wa Kigoma wanaungwa." Nilishuka nikanunua asali, na ningekushauri nawe ununue hapo.

Chakula si tatizo. Behewa la mgahawa lina wali na kuku, na vituoni wanauza dirishani mayai, karanga na mahindi. Tatizo ni maji. Choo kilikuwa safi usiku wa kwanza, kesho yake mchana bomba likakauka. Beba dumu lako la lita tano, na shuka zito, kwani baada ya Manyoni usiku una baridi.

Tangu 2024 kuna treni ya umeme kati ya Dodoma na Dar, na baadhi ya abiria wetu walishuka Dodoma wakaifuate. Kijana mwenye begi moja afanye hivyo, ataokoa saa nyingi. Ila stesheni ni mbili tofauti, na kumhamisha mama na mizigo kwa bajaji sikuona faida yake. Tulibaki humohumo, na Dar alitembea mwenyewe hadi nje ya stesheni.