Subaru Impreza WRX ya Mtumba: Gharama Zilizo Chini ya Boneti

Miaka mitatu iliyopita nilinunua Impreza WRX ya mwaka 2004 hapa Nairobi kwa shilingi 850,000, baada ya kukagua magari manne ya aina hiyo na kuyakataa matatu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, na kizazi hiki kilitengenezwa kati ya 2000 na 2007. Kwa hiyo kila moja linalouzwa leo limekwisha kupita mikononi mwa wamiliki wawili au watatu, na namna walivyolitunza ina uzito kuliko kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi.

Kwanza nilipe gari haki yake. Injini ya EJ20 ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, ujazo wa cc 1,994, na turbo inayoifikisha kwenye nguvu za farasi 250 kwa magari yaliyouzwa Japani. Nairobi iko juu sana kutoka usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza sehemu ya nguvu zake kwa uhaba wa hewa, hii hailalamiki. Ukipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru nyuma ya lori lililojaa mzigo, unapopata nafasi salama ya kupita, unapita na kurudi kwenye njia yako kabla hofu haijakushika. Magurudumu yote manne yanavuta, na barabara ya tope wakati wa masika haiyumbishi gari ovyo. Jina hili lilikuzwa na Safari Rally, ambako Colin McRae alishinda mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote wawili wakiendesha Impreza. Sifa hiyohiyo ndiyo iliyowavuta wanunuzi wengi wenye haraka, na magari mengi yaliyoko sokoni yamebeba makovu ya haraka hiyo.

Tatizo kubwa kuliko yote ni injini kunoki, yaani kuharibika kwa ndani hadi ianze kugonga. WRX ya Japani ilipangiwa petroli ya oktani ya juu (oktani ni kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kulipuka kabla ya wakati), ambayo kwao huuzwa ikiwa karibu 100, na super ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Kompyuta ya injini hujaribu kujirekebisha, lakini mwenye gari akiongeza presha ya turbo, akabadilisha ekzosi na asipange upya programu ya kompyuta, mafuta hulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake. Mlipuko huo hupasua kingo za pistoni zinazoshikilia ringi na kuzitwanga beringi za konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na krankishafti, mhimili mkuu wa injini. Kuna pia wanaoacha oili ipungue bila kupima, na injini hii haisamehe kosa hilo. Beringi zikishakwisha, unasikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini, unaoongezeka kadiri unavyokanyaga mafuta.

Ndiyo maana gari hili likaguliwe likiwa baridi kabisa. Muuzaji mmoja alinipa miadi ya saa mbili asubuhi, nami nikafika nusu saa mapema. Nilipoweka kiganja juu ya boneti, ilikuwa ya moto. Aliniambia kwamba alilisogeza tu ili aoshe sakafu, lakini sakafu ilikuwa kavu na vumbi lake limetulia. Niliomba nirudi kesho yake, akakataa, nami sikuhitaji ushahidi mwingine. Injini iliyochoka huweza kuficha baadhi ya kelele na moshi wake inapokuwa na joto, na mtu anayeipasha kabla hujafika anajua anachokificha.

Injini ikishanoki, una njia mbili. Ya kwanza ni kununua injini ya mtumba kutoka Japani; nilipoulizia Kirinyaga Road na Industrial Area niliambiwa kati ya shilingi 180,000 na 250,000 bila kazi ya fundi, na hujui ilitunzwaje huko ilikotoka. Ya pili ni kuifungua ya kwako na kuijenga upya kwa vipuri vipya, jambo ambalo hukaribia au kuzidi kiasi hicho iwapo krankishafti imechubuka. Binafsi ningechagua ya pili, mradi fundi awe amewahi kujenga injini za boksa, zenye silinda zilizolala kama hii, na awe na vipimo, si sikio peke yake.

Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni na gharama inageuka kuwa ile niliyoieleza hapo juu. Mwenye gari aliyenitangulia hakuwa na risiti yoyote ya kazi hiyo, kwa hiyo niliifanya wiki ya kwanza pamoja na roli zake, tenshena na pampu ya maji, kwa shilingi 42,000. Siku hiyohiyo fundi alifungua bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo na kunionyesha kichujio kidogo cha wavu, kisichozidi ncha ya kidole, kilichozibwa na masizi mazito meusi kama lami. Kikiziba hivyo turbo hukosa oili na kufa, na watu hununua turbo nyingine bila kukigusa, kisha hiyo nayo hufa. Mwambie fundi wako akikague, kwa sababu kazi yenyewe haimalizi saa moja.

Upande wa magurudumu, usinunue tairi moja moja. Gari lenye gia za mkono hugawa nguvu kati ya mbele na nyuma kupitia difu ya katikati, na tairi zilizotofautiana kwa unene huilazimisha difu hiyo ifanye kazi hata kwenye barabara iliyonyooka, hadi iungue. Ili kuijaribu, kata usukani hadi mwisho na uzunguke polepole uwanjani; gari likisita na kujivuta kama lililofungwa breki, difu imekwisha.

Klachi, beringi za magurudumu ya nyuma na bushi za mbele ni gharama za kawaida kwa gari la umri huu na mafundi wengi wanaziweza. Petroli ni kati ya kilomita 7 na 8 kwa lita katika msongamano wa mjini.

Mimi sijutii. Ila mwenye shilingi 850,000 mkononi atafute WRX ya shilingi 600,000 isiyofanyiwa mabadiliko yoyote, na akiikosa, angoje. Zile 250,000 zinazobaki si akiba, ni za injini, nazo zikae benki tangu siku ya kwanza.