Vibana springi vitatu kwa gari la zamani: cha kununua na cha kuacha rafuni

Karibuni wadau. Leo mezani nina vifaa vitatu vinavyouzwa kwa jina moja, kibana springi, na ukivitazama harakaharaka utadhani kazi yake ni ileile. Sivyo. Kimoja siwezi kukiingiza chini ya gari la zamani hata kwa dawa, na kwa bahati mbaya ndicho kinachopatikana kirahisi kuliko vyote. Ndicho rafiki yako atakachokuazima.

Kabla ya vifaa, tuone kwanza springi yenyewe inakaa wapi, kwa sababu uamuzi wote unaanzia hapo. Magari mengi ya siku hizi yana strati ya MacPherson mbele. Springi imevikwa kwenye shokapu, unafungua strati nzima, unailaza mezani, unaizunguka upande wowote utakao. Gari la zamani lenye mikono miwili ya kushika gurudumu, wa juu na wa chini, halina raha hiyo. Kwenye Mercedes-Benz W123 springi imebanwa kati ya mkono wa chini na chesisi, na sehemu ya juu imezama ndani ya kikombe cha bati. MGB, iliyotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, mpangilio wake unafanana na huo, ila springi inakalia sahani iliyofungwa kwa bolti kwenye mkono. Ford Mustang za miaka ya 60 zimeupandisha mchezo juu: springi inakanyaga mkono wa juu na kuingia kwenye mnara wa shokapu. Kote huko huitoi springi kwanza ndipo uibane. Unaibana ikiwa ndani ya gari, wewe umechuchumaa pembeni yake.

Sasa hesabu kidogo, msiondoke. Chukua springi yenye ugumu wa nyutoni 60 kwa kila milimita, ni kiwango cha kawaida tu. Ibane milimita 100. Inakusukuma kwa nyutoni 6,000, yaani kama uzito wa kilo 600. Nishati iliyojificha humo ni jouli 300, sawasawa na mzigo wa kilo 30 kudondoka kutoka urefu wa mita moja. Ukiibana milimita 150, msukumo unapanda mara moja na nusu, lakini nishati inapanda mara mbili na robo. Zile milimita chache za mwisho, unapojiambia "nikaze kidogo tu iingie", ndizo zinazobeba hatari kubwa kuliko zote za mwanzo. Ndiyo maana mimi nakikagua kifaa hiki kwa ukali kuliko ninavyokagua spana au jeki.

Tuanze na hiki cha kwanza. Bolti mbili ndefu, kila moja ina kulabu juu na chini. Unazipachika nje ya springi, moja huku, nyingine ng'ambo yake, unakaza kwa zamu. Kwa strati iliyolala mezani, nikipata zenye pini ya kufungia kulabu, nitazitumia bila wasiwasi. Sogeza kamera hapa. Mnaona mdomo wa kulabu ulivyo mpana na tambarare? Mzunguko wa springi ni duara na unapanda kwa mshazari. Kwa hiyo kulabu inagusa kwenye kona moja tu, na kadiri unavyokaza ndivyo inavyotafuta njia ya kuteleza kando. Ikiteleza, bolti zote mbili zinajikuta upande mmoja na springi inapinda kama ndizi. Ikishapinda hivyo, usitie mkono.

Hayo ni mezani. Sasa ipeleke ndani ya gari la zamani: kikombe cha bati kimeizunguka springi, nafasi ya kulabu haipo, na ukilazimisha, kulabu zinakaa karibukaribu badala ya kutazamana. Nimeona watu wanasaga kulabu kwa grainda ili ziingie. Ndugu yangu, chuma kile ndicho kinachoshika zile kilo 600, halafu wewe unakipunguza! Hapana. Kwa kazi yetu ya leo, kifaa hiki kinabaki rafuni.

Cha pili kinaingia ndani ya springi. Bolti moja katikati, vidole viwili juu na viwili chini. Hiki ni maarufu kwa magari ya Kimarekani, na kwenye Mustang kina mantiki kabisa: unatoa shokapu, unakiteremsha kupitia tundu lake la juu, vidole vinashika mizunguko, unakaza kutoka juu ukiwa umesimama wima. Raha. Tatizo lake ni hivi vidole. Vinashika springi sehemu mbili tu kwa kila upande, na vinapenda kutembea kwenye mzunguko wakati bolti inazunguka. Hiki nilichonacho kina vibati vya kufunga vidole visihame, na bila vibati hivyo nisingekipa hata nafasi kwenye video. Angalieni pia bolti yenyewe. Imezungushwa meno kutoka mwanzo hadi mwisho, ni nyembamba, na nati inageuka juu ya wosha ya kawaida, hakuna beringi. Ukikaza springi nzito unasikia inakwaruza. Mlio huo ni meno yanaliwa.

Kwa hiyo kwa gari jepesi lenye njia ya juu iliyonyooka, kinafaa, kwa uangalifu. Kwa W123 au gari lolote lenye springi nene, sikipendi.

Halafu cha tatu. Huyu ndiye bwana mwenyewe. Mhimili mnene ndani ya silinda ya chuma, na sahani mbili zenye mshazari. Nishike moja niwaoneshe: sahani imetengenezwa ikiwa inapanda kama mzunguko wa springi unavyopanda, na ukingoni ina mdomo uliosimama. Mzunguko unakaa kwenye mfereji, umeshikwa karibu duara zima. Hauna pa kuteleza. Sahani unaziingiza kwa ubavu, katikati ya mizunguko, halafu mhimili unaupitisha kutoka chini kupitia tundu la mkono, unauzungusha hadi unajifunga kwenye sahani ya juu. Nati iko chini, juu ya beringi, na meno yenyewe yamejificha ndani ya silinda, mchanga hauyafikii. Hiki ndicho kilichozoeleka kwenye Mercedes-Benz za zamani, na ukipata sahani za kipimo sahihi kinahudumia magari mengine mengi yenye tundu la kutosha kwenye mkono wa chini.

Kasoro zake? Ni kizito. Sahani zinakuja kwa vipimo, na sahani ndogo kuliko springi yako ni hatari kuliko kutokuwa na sahani, kwa sababu inakudanganya kwamba imeshika. Pima kipenyo cha ndani cha springi kabla ya kununua. Pia huwezi kukitumia kwenye gari ambalo shokapu inapita katikati ya springi mpaka uitoe kwanza.

Ukikiazima mahali, au ukikinunua kikiwa kimetumika, fungua nati mpaka mwisho uyatazame meno kwa tochi. Yawe na ncha kamili, yang'ae sawasawa. Ukiona sehemu moja imenyooka au imepauka, rudisha. Pakaa grisi, ikiwezekana ile nyeusi yenye molibdenamu. Na mashine ya upepo isiguse nati hii. Inatia moto, inakula meno, halafu wewe hupati kuhisi uzito unavyobadilika mkononi. Racheti ndefu, taratibu.

Najua kuna wenye MGB wanasema sisi hatuhitaji vyote hivi, tuna jeki. Ni kweli, gari lile linaruhusu. Unaweka jeki chini ya sahani ya springi, unafungua pini ya juu ya habu, unashusha polepole. Inafanya kazi kwa sababu uzito wa gari ndio unaoibana springi. Lakini fikiria upande wa pili wa sentensi hiyo: ukipandisha springi mpya ambayo ni ngumu kuliko uzito ulioko mbele, kwa mfano injini imetolewa, gari linanyanyuka kwenye stendi badala ya springi kubanwa. Hapo acha, shusha. Kitu kingine, mkono wa chini hausafiri wima, unachora tao. Jeki lazima iweze kutembea nao kwa magurudumu yake. Sakafu yenye nyufa au changarawe, jeki inakwama, na mkono unateleza kutoka kwenye kichwa chake.

Wengine wanatoa bolti mbili za sahani ile ya MGB zinazotazamana kwa pembe na kuweka bolti ndefu za meno, kisha wanashusha sahani kwa nati. Njia nzuri sana, naipenda kuliko jeki, kwa sharti moja: chuma. Fimbo ya meno inayouzwa kwa mita mara nyingi ni daraja la 4.6 au 4.8, nguvu yake ni nusu ya 8.8. Tafuta iliyoandikwa 8.8 au zaidi, na weka nati ndefu, si zile nyembamba.

Haya, tuifunge springi. Gari liko juu ya stendi, stendi ziko chini ya chesisi, tairi za nyuma zina kabari. Kalipa ya breki nimeifunga juu kwa waya ili isining'inie kwenye hozi ya breki. Mnyororo nimeupitisha ndani ya springi na kuufunga kwenye chesisi, na hauondoki mpaka mwisho. Mnyororo hauzuii springi kuchomoka, unazuia isisafiri. Kama shokapu ya gari lako imefungwa kwenye mkono wa chini nje ya springi, iache ikiwa imefungwa kadiri utakavyoweza, inauzuia mkono usianguke ghafla.

Watu wengi wanaogopa kufungua springi ya zamani. Mimi naogopa zaidi kufunga mpya. Ya zamani imechoka, imepungua urefu, mara nyingi mkono ukishuka inakuwa imebaki na nguvu kidogo. Mpya ina urefu wake wote, na unalazimika kuibana ikiwa nje ya gari, haijashikwa na chochote isipokuwa kifaa. Iweke ncha ikitazama ukuta, kamwe isikutazame wewe wala mtu anayepita. Miwani usoni. Bana mpaka itoshe kuingia, basi. Mizunguko isigusane, maana ikishagusana kila unachokaza kinakwenda moja kwa moja kwenye meno ya kifaa.

Kabla hujabana, fikiria sahani zitatokaje. Watu wengi wananaswa hapa. Ukiweka sahani ya juu kwenye mzunguko utakaozama ndani ya kikombe, springi itakaa vizuri, utalegeza, halafu sahani imefungiwa ndani na huwezi kuichomoa. Ishushe mzunguko mmoja, uone mlango wake wa kutokea ukiwa bado mkono uko chini.

Springi inapopanda, tazama ncha yake. Kiti cha chini kina mfereji unaoishia kwenye kizuizi, ncha ya waya ikae hapo hapo. Ikiwa imepanda juu ya kizuizi, gari litasimama limeinama na springi italia. Raba ya juu usiisahau. Kwa W123 raba hizo zina vinundu, kimoja hadi vinne, na unene unaanzia milimita 8 mpaka 23, kwa hiyo hesabu vinundu vya ile ya zamani kabla ya kuitupa.

Legeza kifaa polepole, mkono ukiwa umeshikiliwa na jeki na bolijointi (kiungo cha tufe mwishoni mwa mkono) imeshafungwa nati yake. Ukikuta mkwaruzo uliokata rangi ya springi, safisha na upake rangi leo hiihii. Kutu ikianzia pale, springi huvunjika mahali hapohapo.

Bolti za bushi za mikono (raba za kwenye viungo vyake) usizikaze gari likiwa hewani. Zishike tu, shusha gari, litingishe, ndipo ukaze likiwa limebeba uzito wake, la sivyo bushi zinabaki zimejisokota na zitachanika mapema. Fanya upande wa pili vilevile, springi hubadilishwa kwa jozi. Endesha kwa siku kadhaa zijikalie, kisha peleka alaimenti, maana gari likibadilika urefu wa mbele na pembe za tairi zimebadilika.

Sahani za milimita ngapi zinafaa gari lako, niandikieni hapo chini aina na mwaka wake, pamoja na kipenyo mlichopima wenyewe.