Jumuiya ya waseja wa makamo: njia tatu za Kanisa zimepimwa

Mwanamke wa miaka 55 akibisha hodi kwenye shirika la masista, mara nyingi huambiwa umri umeshapita. Sheria za Kanisa zenyewe hazina ukomo huo. Kanuni ya 643 inataja umri wa chini tu, yaani miaka 17 kwa kuanza unovisi, kipindi cha malezi kabla ya nadhiri za kwanza. Ukomo wa juu umewekwa na katiba za mashirika. Ndipo waseja wanne au watano wa parokia moja, wengi wao walimu na wauguzi wastaafu, wanapoamua kuanzisha jumuiya yao. Kanisa linawapa njia tatu, nasi tumezipima kwa swali moja: anayeingia na miaka 58 atatunzwaje akifika 78?

Njia ya kwanza ni shirika kamili la kitawa, na hii ndiyo wengi huitamani. Kwa kuanzia haifai. Tangu Novemba 2020 Baba Askofu hawezi kuunda shirika la kijimbo bila kibali cha maandishi kutoka Vatikani. Unovisi ni miezi 12 au zaidi, nadhiri za muda si chini ya miaka 3. Ukiacha upostulanti, yaani muda wa majaribio kabla ya unovisi, aliyeanza na miaka 62 ataweka nadhiri za daima akiwa na 66, na huenda akahitaji kutunzwa kabla hajamaliza malezi. Isitoshe, mlezi wa wanovisi anatakiwa awe mwenye nadhiri za daima ndani ya shirika, na kundi jipya halina mtu huyo. Anayetaka utawa wenyewe ni heri aulize kwanza kwenye monasteri za Visitasio, shirika la masista wanaoishi monasterini. Mtakatifu Fransisko wa Sales na Mtakatifu Yohana Fransiska wa Chantal, ambaye alikuwa mjane, walilianzisha Annecy, mji wa Ufaransa ya leo, mwaka 1610 wakiwafikiria hasa wajane, wenye umri mkubwa na wenye afya dhaifu, wasioweza mifungo mizito ya monasteri nyingine.

Njia ya pili ni chama cha umma cha waamini, kinachoundwa kwa dekreti, yaani hati rasmi, ya Askofu. Uzuri wake ni uimara: kinatenda kwa jina la Kanisa, na ndugu wa mwanachama aliyefariki hawawezi kudai kirahisi shamba alilokipa chama. Gharama yake ni kwamba mali yote inakuwa mali ya Kanisa, inasimamiwa chini ya uangalizi wa jimbo, na chama kikivunjika bila katiba kusema lolote, mali inakwenda kwa mamlaka ya juu yake. Wanachama waliotoa mafao yao ya kustaafu walielewe hilo kabla ya kusaini. Tena tangu Juni 2022, chama cha aina hii kikiundwa kwa nia ya kuja kuwa shirika, kibali cha Vatikani kinatakiwa tangu hapo. Ni njia nzuri kwa jumuiya iliyokwisha kukaa pamoja miaka kadhaa.

Chaguo letu la kuanzia ni njia ya tatu: chama binafsi cha waamini. Wanachama wanakubaliana wenyewe, wanaandika katiba, Askofu anaipitia, na baadaye, wakitaka, wanaomba hadhi ya kisheria, ambayo kwayo watu wasipungue 3. Kanuni ya 304 inataka katiba itaje lengo, makao, uongozi, masharti ya kujiunga na namna ya kutenda. Neno “Katoliki” lisiwekwe kwenye jina bila idhini. Padre mshauri wanamchagua wenyewe kati ya mapadre wanaohudumu jimboni, kisha Askofu anamthibitisha. Anayetaka kuweka nadhiri anaweka nadhiri binafsi, ambayo paroko anaweza kumfungulia kukiwa na sababu ya haki. Vazi la kitawa tunashauri waliache kabisa. Likivaliwa, waamini watawaita masista, watawaletea michango ya masista, na jimbo litakuwa na haki ya kuhoji.

Kasoro kubwa ya njia hii ni kwamba inamwachia mwanachama kila kitu, na hapo ndipo nyumba nyingi hukwama. Kosa la kwanza ni hati ya kiwanja kubaki kwa jina la mama mmoja aliyekuwa na ardhi. Akifariki, wapwa zake wanakuja na barua ya mirathi, na wenzake wanapewa notisi ya kuhama. Kwa Tanzania dawa ni kusajili bodi ya wadhamini kwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, na kuhamishia hati huko, au kukaa kwa mkataba wa upangaji wa muda mrefu kwenye kiwanja cha jimbo. Kosa la pili ni pesa kukaa mkononi mwa mwanzilishi. Weka akaunti yenye watia saini watatu, wawili kati yao watoshe kutoa pesa. Kila mmoja abaki na pensheni yake na bima yake ya afya, achangie kiasi kilichoandikwa, na katiba iseme wazi anayeondoka anarudishiwa nini: kitanda chake, godoro, sehemu ya pesa ya ujenzi au la.

La tatu watu hawapendi kulizungumza: mazishi. Kila mwanachama aandike wosia anapoingia, na aeleze anataka kuzikwa wapi, barua hiyo isainiwe pia na ndugu wawili. Bila karatasi hiyo ukoo utauchukua mwili hata kama jumuiya imemuuguza miaka kumi, na ubishi utafanyika mbele ya jeneza.

La nne ni umri wenyewe. Wote wakiingia na miaka 60, wote watakuwa na 80 pamoja na hakuna wa kuinua sufuria. Kwa hiyo masharti yataje kupokea kuanzia miaka 45, na tangu mwaka wa kwanza kuwe na mfuko wa kumlipa msaidizi wa usiku. Maana kinachowachosha ni usiku: kumgeuza mgonjwa kila saa mbili asipate vidonda, kisha saa kumi na moja kuamka kwa Masifu ya Asubuhi.

Nyumba iwe ya chini, isiwe ghorofa. Milango iwe na upana wa sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite. Kizingiti cha sentimita 30 kinahitaji mteremko wa mita 3.6, vishikio vya chuma viwekwe bafuni kabla ya vigae, na choo kiwe cha kukaa. Kikanisa kinaweza kuwa chumba cha kawaida, lakini Ekaristi haihifadhiwi humo bila idhini ya Askofu, na inatakiwa padre aadhimishe Misa humo walau mara mbili kwa mwezi, inapowezekana. Paroko mwenye vigango kumi na viwili aulizwe ratiba yake kabla fundi hajalipwa pesa ya tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi.