Wakala wa kutafuta wahadhiri: wepesi, ila hawasikilizi
Idara yetu ilihitaji mhadhiri wa audiolojia, yaani taaluma ya usikivu na vipimo vyake, tukalipa wakala wa ajira watutafutie. Ndani ya wiki mbili wakaleta wasifu wa watu 11, na kwa wepesi huo nawapongeza. Lakini saba walikuwa madaktari wa masikio, pua na koo, wanaotibu kwa dawa na upasuaji. Sisi tulitaka mtu wa kupima usikivu, kuanzia sauti nzito za hezi 250 hadi nyembamba za hezi 8000, anayejua kumwekea mtoto mchanga kifaa cha kusikia na kusimamia wanafunzi kliniki. Nilieleza mara tatu!

Aliyefaa alijidhihirisha mwenyewe: kabla hata ya kuketi aliingia chumba cha vipimo, akavaa vipokea sauti, akauliza audiometa, ile mashine ya kupimia usikivu, ilisawazishwa lini. Moyo wangu ukatulia. Wakala nawapa nyota tatu.