Huduma ya uhimilishaji ya kuitwa kwa simu: inafaa, mkisikilizana

Kwa mfugaji wa ng'ombe wawili watatu wa ndani, kama walivyo wengi Rungwe na miteremko ya Kilimanjaro, kumwita mtaalamu wa uhimilishaji (kumpandisha ng'ombe kwa mbegu iliyogandishwa, bila dume kuwepo) ni bora kuliko kuazima dume la jirani. Dume linalozunguka huweza kusambaza magonjwa ya kutupa mimba, na baada ya miaka michache linapanda binti zake lenyewe. Hapo huduma hii tunaisifu bila kusita. Ng'ombe asiposhika, lawama huangukia mbegu, ilhali kosa huenda lilishafanyika kwenye simu kabla pikipiki haijawashwa.

Tazama hesabu ya saa. Ng'ombe huingia joto kila baada ya siku 21 hivi. Muda anaokubali kupandwa akiwa ametulia ni kama saa 12 hadi 18, na yai hutoka baada ya hapo, saa 10 hadi 14 baadaye. Ndiyo maana aliyeonekana asubuhi hupandishwa jioni, na wa jioni hupandishwa kesho yake asubuhi. Sasa anayemwona ni kijana wa kukata majani, saa kumi na mbili alfajiri. Anamwambia mama usiku wakati wa kula. Mama anampigia baba aliye mjini, na baba anampigia mtaalamu kesho yake saa tatu: "Ng'ombe ameingia joto leo." Mtaalamu asiyeuliza atakuja jioni, saa 36 tangu dalili ya kwanza, yai limeshachakaa.

Kwa hiyo tunampima mtoa huduma kwa maswali yake. Aliye mzuri huomba kuongea na aliyemwona ng'ombe: ilikuwa saa ngapi? Alisimama akipandwa, au yeye ndiye aliyepanda wenzake? Ute ni mwangavu au una damu? Alipandishwa lini mara ya mwisho? Hili la mwisho lina uzito, kwa sababu wapo wenye mimba wanaoonesha dalili za joto, na kupitisha kifaa kwenye shingo ya kizazi kunaweza kuitoa mimba hiyo. Damu nayo hutokea siku moja hadi tatu baada ya joto, maana yake limeshapita. Andika tarehe, kisha anza kumwangalia tena kuanzia siku ya 16.

Mtaalamu anayefika, akapima, akasema "leo hapana" na kudai nauli tu, mshike huyo. Mlipe bila kununa. Wafugaji wanaogoma kulipa nauli ndio wanaowazoesha wataalamu kupandisha hata pasipo joto.

Bandani, mwangalie akiyeyusha mbegu. Maji yapimwe kwa kipimajoto, nyuzi 35 hadi 37, mrija wenye mbegu ukae humo sekunde 30 hadi 40, kisha ufutwe ukauke kabisa. Mbegu iliyotoka kwenye naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri haivumilii maji ya kukisia kwa kidole. Fimbo na makelele navyo viachwe: ng'ombe aliyeshtuka hutoa adrenalini, ambayo hudhoofisha mikazo ya kizazi inayosaidia kuisogeza mbegu.

Alama tunazipunguza kwenye kumbukumbu. Mtaalamu hutaja tarehe kwa mdomo, tena kwa mwenye mali, akaondoka. Dai kadi yenye tarehe, saa na namba ya dume, na mrija mtupu ubaki kwako, maana namba hiyo imechapwa ubavuni mwake. Itahitajika binti wa dume hilo atakapopandishwa. Kipimo cha mimba kwa mkono kipangwe baada ya siku 60.

Tarehe ya siku ya 21 tangu kupandishwa iandikwe kwa chaki kwenye nguzo ya banda, mbele ya anayekamua. Na kijana wa majani apewe namba ya mtaalamu, apige mwenyewe saa ile ile anapoona ng'ombe amesimama.